Mwongozo wa programu ni mali, wafanyabiashara wa Lindi waudai

Biashara ya ufuta, mbaazi na korosho katika mwambao wa Lindi imeingia ndani ya kompyuta kwa kasi kuliko wengi walivyotarajia. Sheria ya Stakabadhi za Ghala ilipitishwa mwaka 2005, na katika msimu wa 2007/2008 mfumo huo ukaanza kutumika kwenye korosho, ukianzia mkoani Mtwara. Siku hizo mnunuzi aliandika bei yake kwenye karatasi, akaifunga katika bahasha na kuitumbukiza kwenye sanduku mbele ya wakulima. Kuanzia mwaka 2024 minada ya mazao ya mkoa wa Lindi imehamia kwenye mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania, maarufu kama TMX. Sanduku limeondoka, kioo cha kompyuta kimechukua nafasi yake.

Hayo ni maendeleo, na hakuna mfanyabiashara makini anayetamani kurudi kwenye bahasha. Hata hivyo, kila chombo kipya sokoni huja na gharama ambayo haionekani siku ya kwanza. Mizani ilipoingia vijijini kushindana na kopo la kangomba, mkulima na mnunuzi walijifunza kutazama muhuri wa Wakala wa Vipimo kabla ya kupima. Programu ya kompyuta haina muhuri wa namna hiyo. Kinachomwezesha mtumiaji kujua programu inapaswa kufanya nini, na ifanyweje, ni mwongozo wake. Na mwongozo ndicho kitu ambacho mnunuzi wa programu hukiuliza mwisho, au hakiulizi kabisa.

Suala hili haliishii kwenye mnada. Chini ya mnada kuna programu nyingi ndogo: za hesabu za ghala, za makato ya chama cha msingi, za mishahara ya vibarua, za mzigo wa samaki na pweza unaotoka Songo Songo na Kilwa Kivinje, na za vyumba vya wageni Kilwa Masoko. Nyingi za namna hiyo hutengenezwa na vijana wachache walioko Dar es Salaam. Hukabidhiwa kwa mafunzo ya saa mbili na namba ya simu ya fundi. Kijana akipata kazi kwingine, namba haipatikani, na maarifa yote ya chombo hicho huwa yameondoka naye.

BARABARA NA NYAYA

Wapo wanaosema kwamba mwongozo si tatizo tena, kwa kuwa kila kitu kipo mtandaoni. Mwezi Mei 2024 uliwajibu vizuri. Siku ya Mei 4 kimbunga Hidaya kilifika katika mwambao huu, mvua zikabomoa barabara kuu ya Dar es Salaam na Lindi katika maeneo ya Somanga wilayani Kilwa, magari yakakwama kwa siku kadhaa. Kabla watu hawajapumua, Mei 12 nyaya za mawasiliano za EASSy na Seacom zilipata hitilafu chini ya bahari, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika zaidi na kukatika kwa intaneti.

Kwa mfanyabiashara wa Nangurukuru maana yake ilikuwa wazi. Ndani ya wiki mbili njia ya kumleta fundi kwa gari ilikatika, na njia ya kumuuliza kwa mtandao nayo ikalegea. Programu iliyokuwa ndani ya kompyuta yake iliendelea kuwaka kama kawaida. Kama maelekezo ya kuitumia yalikuwa kwenye seva ya mbali, alibaki na chombo asichoweza kukitumia.

Gharama ya kukwama hupigiwa hesabu kirahisi. Chukua mfano wa mnunuzi aliyekopa Sh. 50 milioni benki kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka. Kila siku inayopita riba yake ni zaidi ya Sh. 24,600, mzigo uwe umeuzwa au umelala ghalani. Karani wake akikwama siku saba kwa sababu hajui jinsi ya kusahihisha namba ya stakabadhi aliyoiingiza vibaya, zaidi ya Sh. 172,000 huwa zimekwenda, na hapo bado hazijahesabiwa ada ya ghala na nauli ya fundi. Ukurasa mmoja wa maelekezo ungeiokoa fedha hiyo.

KURASA ZA MWONGOZO NI NINI

Wazo la kuweka mwongozo ndani ya kompyuta yenyewe si jipya. Wataalamu Ken Thompson na Dennis Ritchie wa maabara ya Bell nchini Marekani walipotengeneza mfumo wa Unix, toleo la kwanza la kitabu chake cha maelekezo lilitoka Novemba 1971. Kila amri ilipewa ukurasa wake: jina, jinsi ya kuiandika, inafanya nini, na kasoro zake zinazojulikana. Baadaye kurasa hizo zikaingizwa ndani ya mashine. Hadi leo, mtu anayetumia Linux anaandika neno man na kufuatisha jina la programu, na maelezo yanatokea papo hapo bila kuhitaji intaneti.

Ugumu ulikuwa katika kuziandika. Kurasa hizo hutumia alama za kupanga maandishi zinazoitwa roff, ambazo mhasibu au karani hawezi kuzisoma bila kuumwa kichwa. Matokeo yake ni kwamba kazi iliachwa kwa watengenezaji wa programu, na watengenezaji wa programu si wapenzi wa kuandika.

Dawa iliyopatikana ni maandishi matupu, yaani faili la kawaida lisilo na mapambo, linaloweza kuandikwa na kufunguliwa kwenye kompyuta yoyote. Mwaka 2004 John Gruber wa Marekani alitoa mtindo uitwao Markdown, ambamo alama ya reli mbele ya mstari huonyesha kichwa cha habari na kistari huonyesha orodha. Mwaka 2006 profesa wa falsafa John MacFarlane wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, akatoa programu ya bure iitwayo Pandoc. Kazi yake ni kuchukua maandishi hayo na kuyageuza kuwa umbo linalotakiwa. Faili moja hutoa ukurasa wa man kwa mashine ya Linux, ukurasa wa kufungulia kwenye simu au kompyuta ya Windows, na kijitabu cha kuchapa.

Faida ya kwanza ni uzito. Ukurasa wenye maneno 300 ya Kiswahili ni kama baiti 2,100. Mwongozo wa kurasa 100 za namna hiyo hauzidi sana kilobaiti 210, ambazo hupita hata kwenye mtandao dhaifu, ilhali kitabu kilichopigwa picha ukurasa kwa ukurasa huweza kufikia makumi ya megabaiti. Faida ya pili ni uwazi. Maandishi matupu yakibadilishwa, kompyuta huonyesha mstari upi umeondoka na upi umeingia. Katika biashara ambayo makato na tozo huweza kubadilika msimu hadi msimu, mkulima na mnunuzi wanaweza kuona maelekezo ya msimu huu yametofautiana wapi na ya msimu uliopita. Ugomvi mwingi kwenye ofisi za vyama vya msingi ungepungua kama jambo hilo moja lingekuwepo.

KONTENA LINAINGIAJE

Hapa ndipo neno linalojulikana sana bandarini linapoingia kwenye kompyuta. Kontena la korosho likifungwa lakiri katika bandari ya Mtwara, mnunuzi wa India au Vietnam hana haja ya kuuliza limepita kwenye meli gani au winchi ya nani. Alichopakia muuzaji ndicho atakachokikuta. Kabla ya Malcom McLean kupakia makasha 58 kwenye meli ya Ideal X huko Marekani mwaka 1956 na kuonyesha njia, kila bandari ilikuwa na namna yake ya kupakia, na mzigo ulipotea njiani.

Programu nazo zilikuwa na tatizo hilo hilo. Fundi wa Dar es Salaam ana toleo jipya la Pandoc, karani wa Lindi ana la zamani, na kompyuta ya Kilwa haina kabisa. Maandishi yale yale yakipita katika mashine tatu hutoa kurasa tatu zisizofanana, au hayatoi kitu. Mwaka 2013 kampuni ya Solomon Hykes ilitoa Docker, chombo kinachofunga programu pamoja na kila kitu inachokihitaji katika kasha moja. Kasha hilo huitwa kontena, na nakala yake iliyofungwa tayari kwa kusafirishwa huitwa imeji.

Kwa kazi ya mwongozo utaratibu ni mfupi. Maandishi huwekwa katika folda moja. Kontena lenye Pandoc hufunguliwa, huonyeshwa folda hiyo, hugeuza maandishi kuwa kurasa za mwongozo, huziacha ndani ya folda na kujifunga. Kompyuta yenyewe haikubebeshwa programu mpya zaidi ya ile ya kuendeshea makontena. Maelekezo ya kutengeneza kontena hilo huandikwa katika faili la mistari michache, linalotaja toleo gani litumike. Fundi akiondoka, faili linabaki, na fundi mwingine hupata matokeo yale yale.

Kubwa zaidi kwa mwambao huu ni kwamba imeji husafirishwa bila mtandao. Amri ya docker save huifunga katika faili moja, likaingia kwenye flashi na kupanda basi la Kilwa. Amri ya docker load huifungua upande wa pili. Baada ya hapo ofisi inaweza kutengeneza na kurekebisha mwongozo wake mwaka mzima bila kuomba ruhusa ya waya wa baharini.

Yapo ya kuangalia. Imeji huweza kufikia mamia ya megabaiti, hivyo ni busara kuipakua mara moja mahali penye mtandao wa uhakika. Imeji iliyotengenezwa kwa kompyuta za Intel huenda isiendeshwe na mashine yenye kichakato cha aina nyingine, kwa hiyo aina ya mashine iulizwe mapema. Namba ya toleo nayo itajwe wazi, kwa sababu anayeagiza toleo jipya kabisa bila kutaja namba, leo atapata hili na kesho lile. Kuhusu bei, kwa masharti yaliyotangazwa mwaka 2021, Docker Desktop ni bure kwa biashara yenye wafanyakazi chini ya 250 na mapato chini ya Dola 10 milioni kwa mwaka, na anayetaka kuepuka masharti hayo anaweza kutumia Podman, ambayo ni programu huria.

LUGHA YA DUKANI

Mwongozo ukiwepo lakini ukawa wa Kiingereza, nusu ya faida imepotea. Karani wa ghala anayejua kazi yake barabara, anayetofautisha korosho ya daraja la kwanza na la pili kwa kuitazama, hapaswi kuonekana mjinga kwa sababu kitabu kimeandikwa kwa lugha asiyoitumia kazini.

Kisingizio cha kwamba Kiswahili hakina maneno ya kompyuta kilikwisha zamani. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia idara yake ya sayansi ya kompyuta na kwa kushirikiana na wataalamu wa Sweden, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya kiofisi ya Kiswahili. Msamiati ulikwisha tafutwa, ukajadiliwa na kutumika. Mfumo wa Linux nao una nafasi iliyotengwa kwa lugha: kurasa za Kiswahili zikiwekwa katika folda la sw chini ya folda la miongozo, na kompyuta ikapangwa kutumia Kiswahili, amri ya man huzitafuta huko kwanza. Wajerumani, Wafaransa na Wapolishi wamekwisha tafsiri kurasa nyingi kwa njia hiyo. Kinachotakiwa Lindi ni kidogo kuliko hicho. Hapana haja ya kutafsiri Linux nzima, ni kuandika kurasa 20 au 30 za programu ambayo ofisi inaitumia kila siku.

HOJA ZA UPANDE WA PILI

Wapo watakaopinga, na hoja zao si za kupuuzwa. Ya kwanza ni kwamba watu hawasomi. Karani akikwama hupiga simu au hutuma ujumbe wa sauti. Ni kweli, lakini anayepokea simu naye lazima awe na mahali pa kutazama. Ukurasa mmoja ulioandikwa vizuri humwezesha mtu mmoja kuwajibu makarani kumi kwa jibu lile lile. Bila huo kila mmoja hupewa jibu lake, na tofauti hujitokeza siku ya kufunga hesabu.

Ya pili ni kwamba makontena ni mambo ya makampuni makubwa, yamezidi kimo cha ofisi yenye kompyuta mbili. Hoja hii ina ukweli wa sehemu. Ofisi yenye kompyuta mbili haihitaji kuendesha kontena kila siku. Inahitaji kurasa zilizokwisha kutengenezwa, pamoja na flashi yenye maandishi ya asili na imeji, iwekwe kabatini pamoja na hati nyingine za mali. Ikija haja ya kubadilisha kitu, fundi yeyote wa Lindi mjini au Mtwara ataweza kuifanya kazi hiyo kwa saa chache. Tofauti ni kati ya kumlipa fundi wa saa chache na kununua programu upya.

Ya tatu ni kwamba muuzaji wa programu hatakubali, kwa kuwa mteja asiye na mwongozo hulazimika kurudi kwake. Hiyo ndiyo sababu kubwa zaidi ya kuudai. Katika soko huria mnunuzi anayekubali kufungwa kwa muuzaji mmoja amejipandishia bei mwenyewe.

NINI KIDAIWE

Kilwa ina somo lake la zamani kuhusu maandishi. Tarehe ya masultani wake imefika mikononi mwa wasomaji wa leo kwa njia mbili: muhtasari uliochapwa na Mreno João de Barros mjini Lisbon mwaka 1552, na nakala ya Kiarabu ya karne ya 19 iliyohifadhiwa London. Mji uliopiga sarafu zake wenyewe na kupokea wageni kama Ibn Battuta mwaka 1331 unasomewa habari zake kutoka ng'ambo. Nakala ndizo zilizoiokoa habari hiyo, lakini zilikaa mbali na wenyewe. Haitakuwa busara kwa wafanyabiashara wa leo kurudia jambo hilo katika maelekezo ya biashara zao.

Yafaa basi kila anayenunua programu, awe chama cha msingi, mwenye ghala, mnunuzi wa ufuta au mwekezaji anayeingiza mtaji wake kidogo katika biashara ya samaki, aweke mambo manne ndani ya mkataba kabla ya kulipa awamu ya mwisho. Kwanza, mwongozo wa Kiswahili ulioandikwa kwa maandishi matupu, ukiwa na mifano ya kazi halisi: kupokea mzigo, kusahihisha kosa, kufunga siku. Pili, kurasa zilizokwisha kutengenezwa, zifunguke kwenye mashine ya ofisi mtandao ukiwa umezimwa, na jaribio hilo lifanyike mbele ya mnunuzi. Tatu, faili la kutengenezea kontena pamoja na imeji yake, vyenye namba ya toleo, vikabidhiwe kwenye flashi mbili na moja ikae nje ya ofisi. Nne, kila badiliko la programu liambatane na badiliko la ukurasa wake, likiwa na tarehe na msimu.

Masharti hayo hayaongezi gharama kubwa kwa muuzaji anayejua kazi yake. Programu za kutengenezea kurasa ni za bure, na muda wa kuandika kurasa 30 ni siku chache kwa mtu aliyeijenga programu mwenyewe. Muuzaji atakayekataa atakuwa amemwambia mnunuzi jambo la maana kabla fedha haijatoka.

Vyama vikuu vya ushirika vina nafasi ya pekee hapa. Chama kikuu kimoja kikiamua kwamba hakuna programu itakayoingia kwenye vyama vyake vya msingi bila mwongozo wa namna hii, soko la mafundi wa Dar es Salaam litajipanga lenyewe kufuata, kwa sababu mteja mkubwa ndiye anayeweka desturi. Wafanyabiashara wadogo watafaidika bila kuingia gharama ya majadiliano.

Msimu wa ufuta hauchelewi kwa ajili ya mtu asiyejua kutumia kompyuta yake, na mvua za Somanga hazimsubiri fundi afike. Kabla ya msimu ujao kufunguliwa, mwenye ghala na aende kwenye kompyuta yake, azime mtandao, kisha amwambie karani asahihishe stakabadhi moja iliyokosewa kwa kufuata maelekezo yaliyomo ndani ya mashine. Karani akiweza, biashara hiyo ina mwongozo. Akishindwa, mwenye ghala amejua fedha yake inayofuata iende wapi.